"Kwani Huko Hakuna Mafundi?" Bafu la Zamani Uingereza kwa Hela ya Kubana

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo najibu swali moja, maana nikiweka tu video ya ukarabati linarudi: "Kwani huko Uingereza hakuna mafundi mpaka ushike nyundo mwenyewe?" Wapo, tena wazuri. Ila fundi wa bafu hapa anatoza kama paundi 200 na kitu kwa siku, na bafu zima linaweza kumchukua wiki mbili. Vifaa vyenyewe, yaani hodhi la kuogea, choo cha kukaa na sinki, vyeupe vya kawaida, unavipata kwa paundi 300 hadi 400. Sasa niambieni hela inaishia wapi. Na jamani, msizigeuze hizo paundi kuwa shilingi halafu mkaja inbox na ada za shule. Nikionyesha marumaru mpya najimwambafai, nikitaja bei nalalamika. Sisi wabeba maboksi tumeshazoea.

Nazungumzia nyumba za England zenye yale mabafu ya kijani cha parachichi ya miaka ya 1970. Kubomoa kila mtu anajua, sipotezi muda hapo. Isipokuwa jambo moja: kama nyumba ilijengwa kabla ya mwaka 2000, usikwangue dari lenye vinundu, usivunje vigae vya sakafu vya plastiki, hata lile tangi jeusi la choo liache kwanza. Vyote hivyo vinaweza kuwa na asbesto, ile nyuzinyuzi ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Kipande kidogo kinapelekwa maabara, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mapafu yako.

Halafu makaratasi. Umepanga? Mwenye nyumba akubali kwa maandishi, si kwa mdomo. Fleti uliyonunua kwa mkataba wa miaka? Usome mkataba, kuna wamiliki wa majengo wanaotaka uwaombe idhini, na idhini hiyo unailipia. Nyumba yako, hela yako, bado unalipia kuomba ruhusa ya kubadilisha sinki! Haya, tuendelee.

Umeme usiuguse. Kubadilisha kifaa kwa kifaa kile kile ni sawa, lakini kuvuta laini mpya, au kuongeza chochote karibu na hodhi au shawa, sheria inataka halmashauri ijulishwe. Ukimtumia fundi umeme aliyesajiliwa, yeye ndiye anajulisha na wewe unapata cheti. Ukifanya mwenyewe, unatoa taarifa kabla ya kuanza na unalipia ukaguzi. Ukipiga hesabu, fundi anatoka nafuu.

Bajeti ikiwa ndogo, usihamishe kitu. Choo kibaki pale pale kwenye bomba lake la milimita 110. Hodhi nalo bomba lake la maji machafu ni la milimita 40, linataka mteremko wa angalau milimita 18 kwa kila mita, na likizidi mita 3 mambo yanaanza kuharibika: maji yanatoka taratibu, au yanafyonza maji ya kwenye mtego, lile pindo la bomba linalobaki na maji ili kuzuia harufu, na harufu inapanda. Ndiyo maana kusogeza hodhi upande wa pili kunageuka kuwa kupasua sakafu.

Kabla hujanunua bomba zile za kisasa za kuvutia, angalia maji yako yanatoka wapi. Nyumba nyingi za zamani zina tangi darini. Pima kimo kutoka chini ya tangi hadi bomba litakapokaa: kila mita 1 inakupa takriban 0.1 bar, yaani kipimo cha msukumo wa maji. Boksi la bomba likiandika "kiwango cha chini 1 bar", utapata mchirizi. Watu wanarudisha bomba dukani wakidhani ni mbovu, kumbe ni hesabu. Kingine, mabomba ya shaba ya kabla ya miaka ya 1970 yamepimwa kwa inchi. Ya nusu inchi yanaingia kwenye viungio vya kukaza vya milimita 15 bila shida, lakini ya robo tatu hayakai vizuri kwenye vya milimita 22. Yanataka pete yake maalumu, usikaze kwa nguvu ukitegemea yatanyamaza. Na kila bomba la kufungulia maji uliwekee vali yake ndogo ya kufungia maji, bei yake ni paundi chache tu.

Sasa ukuta, maana ndipo mabafu mengi ya kujifanyia yanapokufa. Lipu ya kawaida inabeba kilo 20 za marumaru kwa mita ya mraba, gundi ikiwemo. Bodi ya jipsamu ni kilo 32. Ukibandika marumaru mpya juu ya za zamani umeshapita. Ng'oa. Kuzunguka hodhi weka bodi zisizonyonya maji. Hesabu ya hodhi la kawaida, sentimita 170 kwa 70, lililozungukwa na kuta tatu: urefu wa kuta ni mita 3.1, ukipanda mita 2 unapata mita za mraba 6.2. Bodi za 120 kwa 60 ni 9, nunua 10. Marumaru nunua mita za mraba 7. Gundi ya unga, mifuko 2 ya kilo 20. Narudia, ya unga. Ile iliyokorogwa tayari kwenye ndoo inakauka kwa hewa, na nyuma ya marumaru ngumu ya posileni hewa haifiki. Wiki kadhaa baadaye bado ni uji.

Viungo vya bodi na pembe zote zipake dawa ya kuzuia maji mara mbili, pamoja na utepe wake. Hodhi likae kwanza, miguu yake juu ya vipande vya mbao ili uzito usambae, lisawazishe kwa pima maji pande zote, ndipo marumaru zishuke juu ya ukingo wake. Acha nafasi ya milimita 3. Hapo haiingii grauti, ule unga wa kukoroga wa kuziba nafasi kati ya marumaru, inaingia silikoni inayonyumbuka, na kabla ya kuipaka ujaze hodhi maji. Hodhi la plastiki linashuka kidogo likibeba uzito, kwa hiyo ukipaka likiwa tupu, mtu wa kwanza kuoga anaichana. Maji uyaache humo saa 24.

Taka je? Hapa England ukipeleka mwenyewe kwenye kituo cha taka cha halmashauri, hairuhusiwi kukutoza kwa mifuko 2 ya lita 50 ya kifusi, au kitu 1 kisichozidi milimita 2000 kwa 750 kwa 700, mara 4 ndani ya wiki 4. Hodhi linaenea humo. Ila nenda na gari dogo na uthibitisho wa anwani, sehemu nyingi ukija na vani wanataka kibali.

Mimi nasema kwa nyumba za aina hii tu. Aliye Scotland au Marekani asinukuu kanuni zangu, na kama mgongo wako haukuruhusu, ita fundi bila aibu. Risiti zote na kile cheti cha umeme viweke faili moja. Siku ukiuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi ataviulizia.