Babu Yako Alizaliwa Wapi?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa sheria mliosimama hadi mlangoni, ahsanteni kwa kuja.

Leo nazungumzia Wahindi wa Kenya, na jinsi Uingereza ilivyowafungia mlango mwaka 1968. Habari za walivyokuja, enzi za ujenzi wa reli, mnazijua. Vibarua wa Punjab, wenye maduka wa Gujarat, makarani wa Kigoa, hao mmesoma habari zao tangu shule ya msingi, nami sitazirudia. Naanzia Desemba 12, 1963, Nairobi, bendera ya Uingereza ilipokwisha kushuka. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehesabu Wahindi kama 177,000 nchini Kenya. Wale ambao hawakupata uraia wa Kenya moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuuomba. Wako waliouomba. Wengi hawakuuomba, wakabaki na uraia waliokuwa nao, uraia wa Uingereza na Makoloni yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huanza kusinzia, na hapa ndipo penye kesi yote. Mwaka 1962 Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kudhibiti wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola. Sheria ile haikumgusa mwenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Iliyotolewa na gavana wa koloni haikuhesabiwa. Kwa hiyo kabla ya uhuru, karani wa Ngara, Nairobi, aliyepata pasipoti kwa gavana alikuwa amefungiwa mlango. Gavana akafunga virago akaenda zake. Baada ya uhuru, karani yuleyule alipotaka pasipoti alikwenda ubalozi wa Uingereza, akaandikiwa kwa jina la serikali ya London. Mlango ukafunguka. Uhuru wa Kenya ndio uliomfungulia! Na hapakuwa na hila. Sheria ilikuwa yao, ofisi yao, mhuri wao.

Wako wanaosema ilikuwa ajali tu, waandishi wa sheria walipitiwa. Si kweli. Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1959 hadi 1961, alisema hadharani Februari 1968 kwamba ahadi ya kuwaachia mlango wazi ilitolewa na ilikusudiwa. Aliyebishana naye ni Duncan Sandys, waziri aliyesimamia mazungumzo ya uhuru wa Kenya, na ambaye sasa alikuwa mstari wa mbele kudai mlango ufungwe. Wote wawili ni wa chama kimoja, Conservative. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba "enzi zile watu hawakujua." Walijua, wakabishana magazetini, na aliyesema kweli akashindwa.

Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria mbili. Ya kwanza ilimtaka asiye raia awe na kibali ili afanye kazi. Ya pili ilihusu leseni za biashara, ikamfungia asiye raia maeneo fulani na bidhaa fulani. Watu wakaanza kuondoka. Mwanzo wa 1968 ukaenea uvumi kwamba London inakusudia kufunga mlango, na uvumi huo ndio uliojaza uwanja wa ndege wa Embakasi. Mtu aliyepanga kukaa miaka mitano zaidi, auze duka lake kwa bei ya haki, alifunga sanduku wiki ileile. Kule Uingereza, Sandys na mbunge mwenzake wa Conservative, Enoch Powell, walilitumia wimbi hilo kama ushahidi kwamba nchi inafurika. Lakini ni kelele zao zilizolivumisha!

James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Labour ya Harold Wilson, alitangaza muswada Februari 22, 1968. Februari 27 mjadala mkuu ukaanza. Wabunge wakakesha, malodi wa baraza la juu nao wakakesha. Machi 1 ulikuwa sheria. Ninyi mnaosoma utungaji wa sheria, niambieni ni muswada gani mnaoujua, unaowagusa maelfu ya raia, uliopita kwa kasi hiyo. Na chama hichohicho cha Labour, kikiongozwa na Hugh Gaitskell mwaka 1962, kilikuwa kimeipinga sheria ya kwanza kwa nguvu zote kwa sababu kiliona ni ya ubaguzi. Miaka sita baadaye kikaandika kali kuliko ile.

Sheria yenyewe ilisema nini? Raia mwenye pasipoti ya Uingereza ataingia bila kizuizi iwapo yeye mwenyewe, au mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake mmoja, alizaliwa Uingereza au alipata uraia akiwa huko. Neno Mhindi halimo. Rangi haimo. Kenya haimo. Isomeni kutoka juu hadi chini, hamtaona mahali pa kunyoosha kidole.

Sasa wachukueni watu wawili. Mmoja ni mlowezi wa Nakuru, amezaliwa Nakuru, Uingereza hajawahi kuiona, lakini babu yake alizaliwa Scotland. Wa pili ni fundi cherehani wa River Road, amezaliwa River Road, na Uingereza yeye pia hajaiona. Pasipoti zao ni za rangi moja, maneno ndani ni yaleyale. Mlowezi anapita. Fundi anasimamishwa, anaambiwa aombe vocha, yaani kibali maalumu cha kuingia, na vocha zilizopangwa zilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Huo ni wavu uliosukwa kwa kipimo cha samaki mmoja, kisha msukaji anaapa kwamba hakuwa na samaki yeyote akilini.

Kila ninapofika hapa kuna kijana anayenyoosha mkono kuniambia: "Mwalimu, mbona waliowafukuza ni serikali ya Kenyatta?" Nakujibu kabla hujauliza. Kenya ilikuwa na haki ya kuamua asiye raia wake afanye kazi gani. Iliitumia haki hiyo kwa ukali, na maombi ya uraia ya watu wengi yalilala ofisini, hilo nalisema wazi na lituume. Lakini mtu anayetolewa mahali hudai kupokelewa na dola ambayo yeye ni raia wake. Dola hiyo ilikuwa Uingereza. Na wewe unayetaka kusema Wahindi walikuwa upande wa mkoloni, kamsome Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, aliyedai uhuru kamili hadharani Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950, akakamatwa mwezi uliofuata, akaachiliwa Oktoba 1961. Kamsome Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa asili ya Goa, aliyepigwa risasi Nairobi Februari 1965. Tusizungumze kana kwamba mkoloni alikuwa na mtumishi mmoja tu na kwamba mtumishi huyo alikuwa na duka.

Turudi nyuma, kwa sababu ujanja huu wa 1968 haukubuniwa 1968. Januari 1897 Gandhi alishuka bandarini Durban akapigwa na kundi la wazungu. Meli mbili zilizoleta Wahindi zilikuwa zimezuiwa bandarini kwa wiki kadhaa, sababu ikitajwa kuwa karantini. Mwaka huohuo koloni la Natal, huko Afrika Kusini, likapitisha sheria ya uhamiaji. Walowezi wangependa kuandika waziwazi kwamba Mhindi haruhusiwi, lakini Mhindi alikuwa raia wa himaya ya Malkia Victoria, na London isingeweza kuweka saini kwenye maneno hayo. Basi wakaandika kwamba mgeni atajaza fomu kwa lugha ya Ulaya. Ndivyo tu. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, alipokutana na mawaziri wakuu wa makoloni London mwaka ule, aliwapendekezea njia hiyo ya Natal: lengo libaki, maneno yafichwe.

Australia ikaichukua mwaka 1901. Pale mgeni aliandikishwa imla ya maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya ambayo afisa ataichagua. Mnaelewa maana yake? Ukijua Kiingereza, afisa anachagua lugha usiyoijua. Mwaka 1934 walitaka kumzuia mwandishi Egon Kisch, mtu wa Ulaya anayejua lugha kadhaa, wakampa imla ya Kigaeli cha Scotland. Imla hiyo ilifutwa 1958.

Kanada nayo mwaka 1908 ikadai kila mhamiaji afike kwa safari moja isiyokatika kutoka nchi yake, na kutoka India meli ya namna hiyo haikuwepo. Mwaka 1914 Gurdit Singh akaikodi meli ya Komagata Maru, abiria 376 wa asili ya India, ikakaa miezi miwili Vancouver, ikarudishwa, na walipofika Budge Budge karibu na Calcutta polisi wakawafyatulia risasi. Kisa hiki kinastahili mhadhara wake.

Marekani ilitaja kwa jina. Sheria ya 1882 ilisema Wachina, kwa herufi kubwa, ikadumu hadi 1943. Inachukiza, lakini angalau unajua unapambana na nini. Sheria ya Natal na ya 1968 zilimlazimisha aliyeonewa kwanza athibitishe kwamba ameonewa.

Na walithibitisha. Wahindi wa Afrika Mashariki waliipeleka Uingereza mbele ya Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Baadhi yao walikuwa wamerudishwa kutoka Heathrow, wakarushwa kutoka uwanja hadi uwanja, kila nchi ikiwakataa. Desemba 1973 Kamisheni ikahitimisha kwamba 25 kati yao walitendewa kwa namna ya kudhalilisha utu, kwa sababu ya rangi yao. Ripoti ile haikutolewa hadharani hadi 1994. Miaka ishirini! Na ilipofika 2002 ndipo bunge la Uingereza lilipowapa waliobaki bila uraia mwingine haki ya kujiandikisha kuwa raia kamili.

Uganda ya 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi, nilikuwa nimeiandalia nusu saa, na mwenyekiti ananionyesha dakika mbili. Nitasema moja tu: baraza la mji wa Leicester, Uingereza, lililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaambia Wahindi wasiende Leicester.

Na wanaoniuliza kama haya ni historia: hadi leo raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, Mkenya au Mtanzania, ambaye babu au bibi yake alizaliwa Uingereza, anaweza kuomba viza maalumu ya kwenda kufanya kazi huko. Hesabuni ukumbini humu ni wangapi.

Kabla ya maswali nina ombi. Nyumbani kwenu, au kwa jirani, ikiwamo pasipoti ya zamani iliyotolewa na ubalozi wa Uingereza Nairobi kati ya 1963 na 1968, msiitupe. Tafuteni ukurasa unaoonyesha nani aliitoa, na mihuri yote iliyofuata, kisha mniletee nakala. Wamiliki wake wanazeeka, na ningependa kuzungumza nao wakiwa bado wanakumbuka walichoambiwa dirishani.