Gari la Zamani Linalofurahisha kwa Kilomita 50 kwa Saa

Wakubwa shikamooni. Vijana, hamjambo? Nawashukuru walionialika, na nawashukuru ninyi mliojitokeza Jumamosi asubuhi wakati wengi wenu mna shughuli za kufanya.

Nimeombwa nizungumzie swali ninaloulizwa gereji karibu kila wiki. Mtu ana fedha za kiasi. Anataka gari la kwendea kazini kila siku. Jipya haliwezi, kwa hiyo atachukua la zamani, ila hataki gari la kumfikisha tu. Anataka akishika usukani asubuhi moyo wake uchangamke. Achukue lipi?

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitalieleza. Chukua gari jepesi, lenye gia za mkono, lenye injini ambayo fundi yeyote mtaani ameshaifungua mara nyingi. Fedha itakayobaki iingize kwenye mpira: bushi (raba za kwenye viungo vya chini ya gari), maunti za injini (raba zinazoibeba injini), tairi, na shokapu pamoja nazo. Suala la nguvu farasi liwe la mwisho kabisa.

Najua wengine mmeshanuna. Mmezoea kusikia mtu akisifia gari kwa nguvu zake. Lakini hebu tuangalie tunaendesha wapi. Sheria yetu hapa Tanzania inasema kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Hapa Dar es Salaam, toka Tegeta uelekee Posta, katikati ya jiji: matuta, bajaji, bodaboda anayekukata kulia, daladala inayosimama bila taarifa. Ukifika gia ya nne umebahatika. Sasa gari ambalo raha yake inaanzia kilomita 120 kwa saa, hiyo raha utaipata wapi? Ukiitafuta mjini utaua mtu, na mimi sitaki kuwa niliyekushauri. Gari la kila siku lazima likufurahishe kwenye kona ya mtaani kwenu, kwenye mzunguko wa barabara, unapotoka taa zikiwa kijani, unapobadilisha gia ya pili kwenda ya tatu. Huko ndiko unakoishi.

Nichukue mfano wa gari ambalo vijana wengi wanalitafuta, Toyota RunX. Zile mnazoziona kila kona nyingi zina injini ya 1NZ-FE, lita 1.5. Lakini ipo RunX nyingine, Z Aerotourer, yenye 2ZZ-GE ya lita 1.8, nguvu farasi 190, gia 6 za mkono. Ni injini ya ajabu, naiheshimu sana. Kemshafti yake, yaani mhimili unaofungua vali, ina aina mbili za meno: ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, ya pili inaingia kazini mizunguko ikishapita 6,000 kwa dakika, na hapo mlio unabadilika na gari linaruka mbele. Tatizo ni hilohilo. Ukiwa gia ya pili, mizunguko ikifika hapo umeshavuka kilomita 50 kwa saa kwa mbali. Chini ya hapo unaendesha injini ya kawaida tu yenye mgandamizo wa 11.5 kwa 1, inayodai petroli nzuri na oili isiyopungua. Umelipia chumba cha pili ambacho mlango wake hufungui.

Toyota Altezza nayo. Najua ndiyo inayosubiriwa hapa. Ilitoka 1998 na ikapewa tuzo ya gari bora la mwaka nchini Japani kwa msimu wa 1998 na 1999, na ilistahili. Inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, imekaa vizuri barabarani, na ile saa ya dashibodi iliyotengenezwa kama saa ya mkononi bado inapendeza. Lakini nyingi zilizopo mitaani kwetu ni za silinda 6, injini ya 1G-FE, gia za otomatiki. Inavuta polepole kuliko sura yake, na mafuta inakunywa. Ile ya kweli, RS200 yenye 3S-GE ya silinda 4 na gia 6 za mkono, ni adimu, na anayeiuza anajua ni adimu. Halafu tazama chini yake: mikono ya kushikilia kila gurudumu ni miwili, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Kila mkono una bushi zake na boli jointi zake, yaani vile viungo vya mviringo vinavyoruhusu gurudumu kucheza. Ikiwa mpya ni raha tupu. Ikiwa na miaka zaidi ya 20 na imepita kwenye matuta yetu, kuirudisha ilivyokuwa ni gharama inayoweza kukukatisha tamaa kabla hujaonja raha yenyewe.

Mimi ninayempendekezea mtu wa kipato cha kawaida ni Toyota Vitz RS ya mwanzo, lile toleo la kimichezo la Vitz, ya lita 1.5, iliyotengenezwa kuanzia 2000 hadi mwanzoni mwa 2005. Msicheke. Ina injini ya 1NZ-FE, ileile iliyo kwenye IST, Probox, Fielder, Platz na RunX ya kawaida. Plagi, sensa, maunti, pampu ya maji, ukienda Kariakoo mtaa wa Gerezani unachagua tu. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, kwa hiyo huna haja ya kuhesabu kilomita ukiogopa mkanda kukatika. Nguvu farasi ni 110 hivi, lakini gari lenyewe halifiki tani moja. Ukikanyaga, linakuitikia palepale. Ukikata kona, pua yake inageuka kabla hujamaliza kufikiri. Na chini yake kuna vitu vichache: mbele shokapu na mkono mmoja wa chini kila upande, nyuma boriti moja tu inayopinda. Bushi za kubadilisha zinahesabika kwa vidole.

Suzuki Swift Sport ya 2005 hadi 2010 ni bora zaidi kwa kuendesha, hilo nakiri kwa moyo mweupe. Lita 1.6, nguvu farasi 125, shasi imara. Ukiipata nzima na ukawa na mahali pa uhakika pa kupata vipuri, ichukue usiniulize. Starlet za miaka ya 1990 ni nyepesi kuliko zote na zinachekesha kwa furaha zake, ila nyingi zimechoka bodi, na kwa usalama wa kugongwa ni za zamani mno kubeba watoto kila siku. Hapo kila mtu aamue mwenyewe.

Sasa, kuna ujanja sokoni. Nembo ya RS inauzwa dukani, na mtu anaibandika kwenye Vitz yoyote. Usisome nembo. Fungua boneti, tafuta lile bamba la bati lililo kwenye ukuta kati ya injini na kabini, usome namba ya chasisi. Ikianza na SCP10, hiyo ni ya lita 1.0. NCP10 ni lita 1.3. Unayoitafuta ni NCP13. Kwa RunX, NZE121 ni ya lita 1.5 na ZZE123 ndiyo yenye 2ZZ-GE. Altezza ya silinda 4 ni SXE10, ya silinda 6 ni GXE10. Kisha linganisha namba hiyo na iliyo kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, funga boneti, aga, ondoka.

Na namba za usajili zisiwadanganye. Dalali atakwambia, "Kaka, hii namba E, bado mpya." Namba E inakueleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Haikuelezi lilitengenezwa lini. Ndugu zetu wa Kenya wana kikomo cha miaka 8 kwa gari linaloingizwa, kwa hiyo magari haya kule yanapatikana kati ya yale yaliyokwishaingia zamani. Sisi bado tunaweza kuagiza la zamani kuliko hapo, ila ushuru unapanda kwa sababu ya umri. Piga hesabu kamili ya ushuru kabla ya kutuma fedha Japani. Mara nyingi la mkononi, lililotunzwa na mtu unayeweza kuongea naye, linakutoka kwa bei nafuu zaidi.

Ukienda kulikagua, nenda asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, muulize kwa nini. Injini iliyopoa ndiyo inayosema kweli: inachelewa kuwaka, inagonga, inatoa moshi wa bluu sekunde za mwanzo, yote utayaona hapo. Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha, kamwe si baada. Maji yakiwa na utando wa mafuta, gasketi ya silinda hedi ina shida.

Kisha ingia ndani, uvute mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa, hadi ukatae. Tazama ile sehemu ambayo huwa imejificha ndani muda wote. Ukikuta mstari wa tope, au utepe umebadilika rangi kuanzia mahali fulani, gari hilo liliwahi kukaa ndani ya maji. Watu wanaosha viti, wanabadilisha mazulia, wanapulizia manukato, ila mkanda wanausahau. Sisi wa Dar es Salaam tuliyaona mafuriko ya Desemba 2011 na mengine baada yake, tunajua magari mangapi yaliogelea. Gari la hivyo litakusumbua kwenye waya miaka yote, na fundi umeme atakuwa ndugu yako wa karibu.

Lala chini ulitazame tumbo. Chumvi ya pwani inakula bati, na magari yaliyotoka maeneo ya Japani yenye theluji nayo hupigwa chumvi inayomwagwa barabarani. Kutu ya juujuu si hoja. Ukibonyeza kwa bisibisi ikazama, achana nalo.

Barabarani, jaribu klachi hivi: ukiwa gia ya nne, kilomita kama 50 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini. Mizunguko ikipanda na gari lisiongeze mwendo, pleti ya klachi imekwisha. Hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei tu. Kinachonitisha zaidi ni gia ya pili. Irudishe kutoka ya tatu bila haraka. Ikikwaruza, giaboksi imechoka ndani.

Nije kwenye mpira, maana hapa ndipo fedha zenu zinapotakiwa kwenda na ndipo watu wengi hawazipeleki. Gari la miaka 20 linajisikia kuukuu kwa sababu gani? Injini yake mara nyingi bado nzima. Kilichokufa ni mpira. Bushi zimepasuka, kwa hiyo gurudumu linasogea kidogo kabla ya kutii usukani. Maunti za injini zimelala, kwa hiyo kila ukiachia klachi injini inatikisika na gari linaruka kama chura. Raba za juu ya shokapu zimekauka, kwa hiyo kila tuta lina kelele yake. Mwenye gari anazoea, anasema ndivyo magari ya zamani yalivyo. Sivyo! Badilisha vyote hivyo kwa pamoja, piga alaimenti, yaani magurudumu yanyooshwe, halafu liendeshe tena. Nimewaona watu wazima wakishuka kwenye gari lao wenyewe wakicheka peke yao.

Kwa sababu hiyo nasema: ukiwa na fedha yako ya gari, igawe mara 3. Sehemu 2 ununue gari na kulipia makaratasi. Sehemu 1 usiiguse hadi gari likae juu ya jeki. Na unaponunua vipuri, kitu kimoja nawaomba sana. Injini ya mtumba kutoka Japani, sawa. Alteneta ya mtumba, sawa. Shokapu ya mtumba na bushi za mtumba, hapana. Mpira wa miaka 20 ni mpira wa miaka 20 hata kama ulikaa Yokohama. Nunua mpya. Na usikubali fundi akufungie bushi za nailoni ngumu eti zinadumu. Zitadumu, ila kila shimo la Barabara ya Mandela litapanda hadi kwenye meno yako.

Tairi ni hivyohivyo. Ubavuni kuna tarakimu 4: 2 za mwanzo ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokauka haishiki lami hata kama kashata zake, yaani meno yake, bado ndefu. Na rimu kubwa za inchi 17 kwenye Vitz zitoeni. Zinaongeza uzito palepale ambapo wepesi unahitajika zaidi, na zinachosha boli jointi.

Dada mmoja aliniuliza hapo mlangoni kuhusu gia za mkono kwenye foleni. Swali zuri, na jibu langu ni la wazi. Kama unakaa saa 2 kila jioni Barabara ya Morogoro ukisogea hatua kwa hatua, goti la kushoto litalalamika, na otomatiki ya kawaida ya 1NZ-FE ni chaguo la heshima. Hakikisha tu oili ya giaboksi ni nyekundu na hainuki kuungua. Lakini kama unaweza kutoka nyumbani kabla ya jua, au kazi yako iko upande usio na foleni, chukua ya mkono. Klachi ya Vitz ni nyepesi. Utaizoea ndani ya wiki. Na siku ukipata likizo, ukapandisha kutoka Mombo kwenda Soni hadi Lushoto, zile kona zote na gia ya pili na ya tatu, huko nako utakuwa bado ndani ya kilomita 50 kwa saa.

Hapo nje kuna Vitz iko juu ya jeki, tumeinyanyua magurudumu yote mawili ya mbele. Ina bushi mpya kwenye mkono wa chini wa kushoto na ya zamani kwenye wa kulia. Twendeni mkaziguse, mtikise gurudumu kwa mikono yenu, na maswali mengine niulizeni hukohuko.