"Alijitakia Mwenyewe": Mhadhara kwa Wakandarasi, Dodoma

Habari za mchana, ndugu wakandarasi, mafomeni na mafundi. Ahsanteni kwa kuacha saiti mkaja kunisikiliza, ingawa naona simu za mafomeni hazitulii.

Naanza na maneno ninayoyasikia karibu kila ninapoitwa baada ya ajali: "Alijitakia mwenyewe." Wengine huyasema majeruhi hata hajafika hospitali.

Kuna jengo upande wa Ihumwa nilipelekwa kuliona. Saidia fundi alikatiza juu ya mirunda badala ya kuzunguka kwenye ngazi, akaanguka kutoka ghorofa ya kwanza, akavunjika nyonga. Bosi akanionyesha mkanda wa usalama. "Si huu hapa, wakili? Aligoma kuvaa." Nikausogelea. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari, bado uko ndani ya nailoni ya dukani. Nikauliza kijana analipwaje. Kwa ndoo: kila ndoo ya zege inayofika juu ina hela yake.

Sasa niambieni, ni nani aliyempitisha juu ya mirunda? (Minong'ono ukumbini.)

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ile iliyouanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, haianzi kwa kutafuta mkosaji. Inauliza kama mtu ameumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kusahau, kuchoka, hata ule ujasiri wa kijinga wa vijana, peke yake haumnyimi fidia. Kinachoweza kumponza ni utovu wa nidhamu mkubwa, tena wa makusudi, na huo si kila mzaha wa saiti.

Hapo wengi wenu hushusha pumzi: basi mimi nachangia WCF, yameisha. Hayajaisha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na kuikiuka ni kosa la jinai. Mfanyakazi naye ana wajibu wake humo, sikatai.

Mawakili wa waajiri hupenda hoja ya kale: aliyeikubali hatari asilalamike. Lakini mwaka 1891 mahakama ya juu ya Uingereza iliikataa hoja hiyo kwa mfanyakazi aliyetoboa miamba huku kreni ikipitisha mawe juu ya kichwa chake. Alijua mawe yanapita. Kujua hakukuwa kukubali.

Tuwe wakweli, mwajiri naye hushinda. Mwaka 1964, mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya ndugu wawili, wapasua miamba wa kampuni ya ICI. Waya wa kujaribia viwashio vya baruti ulikuwa mfupi, haukufika kwenye kibanda cha kujikinga. Mwenzao akaenda kutafuta mwingine. Hawakumsubiri. Wakajaribu hapohapo, nje ya kibanda, baruti ikawalipukia. Mmoja wao akaishtaki kampuni, akakosa fidia. Lakini tazameni mwajiri yule alikuwa amefanya nini: alikuwa amekataza waziwazi, alikwisha kumwadhibu mwingine aliyekaidi, na alikuwa amerekebisha malipo ili anayefuata taratibu asipoteze kipato. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlishike. Mwajiri wa ndoo hawezi kujificha nyuma ya kesi hii.

(Swali kutoka kwa fomeni mmoja: "Mheshimiwa, nikimrudisha nyumbani kila asiyevaa helmeti, nani atanimwagia zege?")

Fomeni wangu, siku ya kwanza watakaorudishwa nyumbani ni wengi, siku ya tatu mmoja. Andika kwenye daftari jina, tarehe na sababu, kisha asaini. Daftari hilo ndilo nitakaloliomba kwanza siku ukiniita. Halafu kabla ya yote, angalia ngazi iko wapi. Pale Ihumwa niliihesabia hatua: sabini na mbili kwenda, sabini na mbili kurudi, na ndoo ya zege begani.