Wosia kwa Makumbusho: Masharti Machache, Lengo Pana

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie jinsi mtu anavyoweza kuyaachia makumbusho sehemu ya mali yake kwa wosia. Mambo ya saini na mashahidi mwanasheria yeyote atawaelekeza. Ninalotaka hasa kusema ni kwamba wosia wa aina hii huharibika kwa wingi wa masharti kuliko kwa uchache wa mali.

Mtazameni James Smithson, mwanasayansi wa Kiingereza aliyefia Genoa mwaka 1829. Hakuwa na mke wala mtoto, na mali yake alimwandikia mtoto wa ndugu yake. Kisha akaongeza kifungu: kijana huyo akifa bila kuacha watoto, mali yote iende Marekani, ianzishwe Washington taasisi yenye jina lake kwa ajili ya kukuza na kueneza maarifa. Marekani kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Kijana akafariki mwaka 1835, bila mtoto. Katika Bunge la Marekani wakatokea waliosema ni aibu kwa taifa kupokea sadaka ya mtu mmoja, lakini mwaka 1836 wakakubali. Mwaka 1838 zikavuka bahari sarafu za dhahabu zenye thamani ya zaidi ya dola 500,000. Hata hapo wabunge waliendelea kuvutana juu ya matumizi yake, na taasisi ya Smithsonian ikaundwa kisheria mwaka 1846.

Nikiusoma wosia ule kama mwanasheria, mambo mawili hunivutia. Kwanza, alijiuliza itakuwaje mrithi wa mwanzo akikosekana. Wengi hawajiulizi, wanaandika kana kwamba mauti yanafuata foleni. Pili, lengo lake ni pana. Hakusema lijengwe jengo la aina gani wala kabati zikae upande upi. Kukuza maarifa ni kazi isiyopitwa na wakati, na ndiyo maana fedha zile zimeweza kuzaa makumbusho ya historia, ya sanaa, hata ya ndege na vyombo vya angani, ambavyo yeye asingeweza kuviota.

Sasa mtazameni Albert Barnes, daktari wa Marekani aliyetajirika kwa dawa na kukusanya michoro ya Renoir, Cézanne na Matisse. Hati ya wakfu wake ilikataza michoro isiuzwe, isiazimwe, isiondolewe hata ukutani ilipotundikwa. Alifariki mwaka 1951. Miaka ikapita, fedha zikapungua, na taasisi ikabaki na utajiri mkubwa wa sanaa isioweza kuugusa. Kesi zikafuatana. Mwaka 2004 mahakama iliruhusu mkusanyo uhamishwe, na mwaka 2012 ukafunguliwa upya katikati ya Philadelphia. Wapo wanaosema Barnes alisalitiwa. Mimi naona alijifunga mwenyewe: ukimnyima msimamizi nafasi ya kuamua, ataamua hakimu asiyekujua.

Basi kama una neno la kuwaambia makumbusho, liandike kama matakwa, lisiwe amri. Andika kwamba ungependa kitu kionyeshwe, usiandike kwamba lazima kionyeshwe daima. Makumbusho mengi huonyesha sehemu ndogo tu ya vitu vyao, na vingine vyote hukaa ghalani vikisubiri watafiti. Sharti la daima huwafanya wakatae zawadi, na wana haki ya kukataa.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Ndiyo, makumbusho hukataa. Pengine wanacho kitu kama hicho tayari, au hawana nafasi, au kitu hakina karatasi za kuonyesha kilikotoka. Tangu Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 juu ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, swali la asili ya kitu limekuwa zito, na risiti au barua ya zamani inaweza kuamua kila kitu. Kwa hiyo waulizeni mkiwa hai. Na mkiacha kitu, acheni na fedha za kukitunza, maana kumpa mtu ng'ombe bila malisho ni kumwongezea mzigo.

Kwa upande wa fedha, unaweza kuacha kiasi maalumu au asilimia ya kitakachobaki baada ya madeni na mafungu mengine kulipwa. Mimi hupendelea asilimia. Kiasi kilichoonekana kikubwa siku ya kuandika huliwa na mfumuko wa bei, au kinyume chake: mali inapungua, kiasi kinabaki palepale, watoto wanakosa. Jina la makumbusho liandikwe kama lilivyosajiliwa, na liongezwe neno la kuruhusu taasisi itakayochukua nafasi yake, kwa kuwa taasisi huungana na kubadilisha majina.

Mipaka ya sheria nayo ipo. Kwa Waislamu, wosia hauvuki thuluthi ya mali iliyobaki baada ya gharama za mazishi na madeni, mpaka warithi waridhie. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja ana uhuru juu ya nusu tu ya mali yake. Mwenye wawili, theluthi. Watatu au zaidi, robo. Uingereza, ukiiacha Scotland, hakuna fungu la lazima kwa watoto wazima, na zawadi kwa taasisi ya hisani haitozwi kodi ya urithi.

Mwisho, familia. Mchoraji wa Kiingereza Turner, aliyefariki mwaka 1851, alitaka michoro yake iliyokamilika ijengewe ukumbi wake, na fedha zake zijenge makazi ya wasanii waliofukarika. Ndugu wakaupinga wosia. Mwaka 1856 ukapatikana mwafaka: taifa likachukua michoro, ndugu wakachukua fedha. Makazi hayakujengwa, na jengo la kuhifadhi michoro yake lilifunguliwa London mwaka 1987. Waiteni watoto wenu, waambieni mnachokusudia na kwa nini, na msimamizi wa mirathi awepo akisikia.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na mama pale nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja thuluthi.