Friji ya gesi kwenye RV: moto ndo unagandisha nyama

Haya wadau mambo zenu, hapa ni Quartzsite, Arizona, jangwani kabisa, na leo ni friji tu ya hii RV, yaani gari lenye nyumba ndani, maana nilivyosema inatumia gesi ya kupikia mmenijia juu eti napiga kamba. Sio kamba. Ngoja nifungue huu mfuniko wa nje... mnauona ule moto mdogo wa bluu? Huo ndo unagandisha nyama huko ndani.

Sikilizeni, kimya, hakuna mota wala kompresa. Kwenye yale mabomba kuna amonia, maji na haidrojeni, moto unachemsha, amonia inapanda ikiwa mvuke, inapoa huko juu inakuwa kimiminika, ikishuka ikakutana na haidrojeni inageuka mvuke tena, na hapo ndo inavuta joto la ndani ya friji. Wasweden wawili waliibuni 1922, wakiwa bado wanafunzi, Baltzar von Platen na Carl Munters. Na sio kitu kigeni kwetu jamani, zile friji za mafuta ya taa za kutunzia chanjo kwenye zahanati zisizo na umeme, mtambo ni huohuo.

Sasa tabu yake, inataka gari likae sawa. Hakuna pampu, vitu vinashuka vyenyewe, kwahiyo gari likiinama sana maji yanatuama, pale penye moto panaungua pakavu na mabomba yanaziba kwa ndani, na ikifika hapo fundi hana la kufanya zaidi ya kubadilisha mtambo mzima wa nyuma, hela ndefu. Ndo maana nikipaki tu naweka pimamaji ndani ya friza, tairi ikiwa chini napandisha kwenye ubao, kulala baadaye.

Na ina uvivu huyu mama! Inaweza kula masaa 12 ndo ipoe vizuri, so unawasha usiku kabla ya safari, usiweke sufuria la maharage ya moto, usiijaze mpaka hewa ikose pa kupita. Kipimajoto kisome nyuzi 4 kushuka chini. Ubavu wenye friji uelekeze kivulini.

Moto ukiwa wa njano na masizi, mara nyingi buibui kajenga kwenye bomba la bana (burner, pale moto unapowakia). Funga gesi, acha ipoe, safisha kwa brashi, ila kale katundu ka gesi usikachokoe na waya, katapanuka. Ukisikia harufu kali ya amonia au ukaona unga wa njano huku nyuma, zima, fungua madirisha, usijifanye fundi. Na sheli unaingia moto umezimwa, hapo hakuna mjadala.

Wa nyumbani mwenye sola na betri nzuri, mi nakwambia chukua ya kompresa ya volti 12, inapoa haraka na haina masharti haya. Haya vumbi linaingia, nafunga, wiki ijayo choo, najua ndo mnachosubiri.