“Tutafutie Wazungu Watushike Mkono”: Jibu Langu Kutoka Saint Paul

Kamwene! Bwana Yesu asifiwe! Wazee wangu wote, shikamooni. Vijana, mambo zenu. Mimi nipo hapa Saint Paul, Minnesota, na leo sitoki nje, maana kwa baridi iliyopo hata ile ya Mufindi ya mwezi wa saba haioni ndani. Kwa hiyo tukae hapa mezani tuzungumze, kuna jambo limenikaa moyoni siku nyingi.

Ujumbe ninaoupata kuliko mwingine wowote ni huu: “Dada, sisi usharikani tumeishia kwenye renta, bati hatuna. Wewe uko huko kwa Wazungu. Tutafutie usharika mmoja, yaani kanisa moja la huko na waumini wake, utushike mkono.” Wengine wananitumia na picha ya jengo. Wengine wanaweka namba ya akaunti kabisa, na jina la mtunza hazina. Siwalaumu hata kidogo. Najua kusali chini ya turubai mvua ikinyesha kulivyo. Ila kwa namna hiyo siwezi kuwatafutia mtu, na ninaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjasema dada amebadilika.

Nianze na ninachokiona huku. Sinodi ya Kilutheri ya eneo hili la Saint Paul, yaani muungano wa sharika za hapa, na Dayosisi ya Iringa ya KKKT, Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wana ushirika unaoitwa Bega kwa Bega. Ulianza mwaka 1987, mwaka uleule Dayosisi ya Iringa ilipozaliwa. Utaratibu wake ni kwamba usharika wa huku unapewa rafiki, usharika mmoja wa kule. Si wilaya, si nchi nzima ya Tanzania. Ni usharika wenye jina lake, mchungaji wake na kwaya zake. Humo ndimo zilimopita karo za wanafunzi wengi wa sekondari, msaada kwa Hospitali ya Ilula, na mkono uliosaidia kile chuo cha Kihesa ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa.

Hayo mnayajua. Msiyoyajua ni ya huku upande wa pili.

Ingia kanisa moja la hapa baada ya ibada, shuka ukumbi wa chini ambako watu wanakunywa kahawa. Ukutani kuna ubao. Kwenye ubao kuna picha ya mchungaji na mke wake, picha ya wainjilisti wamesimama mbele ya jengo la tofali za kuchoma, kwaya ya akina mama wamevaa vitenge sare, na chini ya kila picha jina limeandikwa kwa mkono. Ibadani, wakati wa maombi, ule usharika unatajwa kila Jumapili. Kuna bibi mmoja hapo, ana miaka themanini na kitu, anatembea kwa kushika viti. Aliposikia natoka Iringa alinikamata mkono akaniuliza kama mvua imenyesha Ismani. Ismani! Nina ndugu Dar es Salaam ambao hawajawahi kuniuliza habari za mvua ya Ismani. Huyu anaiombea, kwa sababu alikwenda zamani akakaa kwa watu, akala ugali na mnafu, akaona mahindi yaliyokauka yakiwa magotini. Hajasahau.

Sasa niambieni, ule uhusiano mtauitaje? Mfadhili na mfadhiliwa? Mimi hapana, sioni hivyo. Na ndiyo maana nikipewa namba ya akaunti nimpelekee mtu kama huyu, nashindwa. Anachosubiri ni habari zenu.

Kuna jingine. Tumezoea kuongea kama vile sisi ni kanisa dogo na wao ni wakubwa. Hebu tuangalie. KKKT iliundwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yakaungana kuwa moja. Leo ina waumini zaidi ya milioni 6. Kanisa la Kilutheri la hapa Marekani, ELCA, lilipoanza kazi mwaka 1988 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5, na leo hawafiki milioni 3. Huku kuna makanisa yanafungwa, majengo yanauzwa. Nimesali kwenye makanisa ya viti mia tatu tukiwa watu thelathini, wengi wao wana umri wa mama yangu. Kule Kilolo mnajenga kwa sababu watu hawaenei. Na si jambo la jana. Mwaka 1977, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipofanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, lilimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kukaa kiti hicho. Halafu leo mzee wa kanisa mwenye kwaya tatu ananiandikia “sisi maskini wenu wa huku”. Inaniuma, nasema kweli.

Wajerumani nao walifika mahali wakaliona hili. Chama cha misheni kilichoko Wuppertal, UEM, ambacho mizizi yake ni wale wamisheni wa zamani wa Bethel na wa Rhine, mwaka 1996 kilibadilishwa muundo, kikawa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, yote yakikaa meza moja kuamua. Dayosisi zetu kadhaa zimo. Kwa hiyo hata kwenye karatasi za wakubwa, habari ya mmoja kutoa na mwingine kupokea ilishawekwa pembeni. Imebaki vichwani mwetu.

Nina mfano wa tulichowahi kuwapa sisi hawa wa Minnesota. Mwaka 2020, safari zote zimesimama kwa sababu ya korona, George Floyd akauawa pale Minneapolis, mji uliopakana na huu wetu kabisa. Maduka yalichomwa moto, helikopta usiku kucha. Watu wa hapa walikuwa wamevunjika. Mchungaji mmoja wa kule Kilolo akawatumia rafiki zake ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: anaomba kwa Kiswahili, polepole, anataja majina ya watu wa usharika wa hapa mmoja mmoja, na nyuma yake kwaya inaimba. Wakaucheza kwenye ibada ya mtandaoni. Niliombwa nitafsiri, nikawa naandika huku nalia. Hawakuhitaji tafsiri sana. Kusikia majina yao tu kulitosha. Hakuna hundi iliyowahi kutoka Minnesota ikafanya kazi kama ile.

Sasa tuseme na magumu, maana yapo.

La kwanza ni safari. Mmarekani akitaka kuja Iringa analipa viza dola 100, anaweza kuipata hata akishatua uwanja wa ndege. Mzee wa kanisa wa Iringa akitaka kuja huku, hadi mwaka 2025 alikuwa anapanda basi, anateremka mlima Kitonga, kama kilomita 500 mpaka Dar, analipa dola 185 za maombi ya viza, anahojiwa dirishani dakika chache, na akikataliwa hela hairudi. Nimeshuhudia usharika wa hapa umeandaa vyumba, umeandaa chakula, umenunua makoti ya baridi ya wageni, halafu simu inakuja kwamba katika wanne amepata mmoja. Makoti yakabaki yananing'inia. Watu wa hapa, na hili nawaambia wao pia kwa Kiingereza, wanapaswa kuliona hilo kuwa jeraha la ushirika wenyewe, waandikie wabunge wao, wasiseme tu “pole, mwakani tena”.

La pili ni letu. Wageni wakija tunasema ndiyo kwa kila kitu. Wakisema tuchimbe kisima, ndiyo. Wakisema maktaba, ndiyo. Hitaji letu ni bati, lakini tunaona aibu kumkatisha mgeni. Kuna kijiji, sitakitaja, kilifungiwa pampu nzuri kabisa ya maji. Ikakaa, kifaa kimoja kikafa, spea yake haipatikani Iringa wala Dar. Watu wakarudi mtoni na ndoo zao. Na hakuna aliyeandika barua! Waliogopa kuonekana hawana shukrani. Wale wa huku wakaendelea kuonyesha picha ya ile pampu kwenye ubao wao, wanafurahi, akina mama wakiwa mtoni. Mimi nikasema hapana, rafiki haachwi gizani hivyo. Walipoelezwa hawakukasirika. Swali lao lilikuwa moja tu: kwa nini hamkutuambia?

Na karo. Serikali ilipofuta ada kwenye shule zake za sekondari kuanzia 2016, watu wa huku walianza kuuliza kama ufadhili wa wanafunzi bado unahitajika. Ni swali halali, lijibuni. Waelezeni kwamba shule za kanisa bado zinatoza ada, kwamba kuna sare, bweni, nauli, na mtoto anayetembea kilomita nane kwenda shule ya kata. Au kama mnaona fedha ile ingefaa zaidi ufundi stadi, semeni hivyo. Msinyamaze mkatuma tena ile orodha ya miaka kumi iliyopita. Na tafadhali sana, watoto msiwapige picha wameshika mabango ya “asante wafadhili”. Mtoto wa mwenzio ana heshima yake.

Wageni wanaokuja kwetu, kinachowageuza ni mnada. Ibada imekwisha, watu wametoka nje, mzee wa kanisa ananyanyua kuku aliyetolewa sadaka na mama mmoja mjane. Elfu tano! Elfu saba! Mgeni ananunua kwa elfu kumi na tano, anashangiliwa, halafu anaambiwa anaweza kumrudisha, anauzwa tena. Kuku mmoja anazunguka mara nne. Yai linauzwa. Debe la mahindi linauzwa. Mgeni anasimama pale juani anagundua kuwa hawa watu wanajenga kanisa lao wenyewe, kwa mayai. Wamerudi hapa Minnesota wakisimulia mnada kuliko Ruaha na tembo wake. Kuna usharika umejaribu mnada wa mikate na maboga hapa, kwa ajili ya kulipa bili ya gesi ya kupasha kanisa joto. Tumewafundisha sisi.

Basi kwa wanaotaka rafiki wa nje, nawaomba hivi. Msipitie kwangu, wala kwa binamu aliyeko Texas. Nendeni kwa mchungaji, mchungaji aende kwa mkuu wa jimbo, na ofisi ya dayosisi ijue, fedha zikija zipitie huko na hesabu zisomwe mbele ya usharika, hata ya misumari. Anayezunguka pembeni kwa meseji za siri anachafulia wote. Na mkishapewa rafiki, barua ya kwanza isiwe ya maombi. Andikeni mlianza lini, kwaya zenu zinaitwaje, nani amebarikiwa kipaimara mwaka huu, nani mmemzika. Wekeni majina ya wagonjwa wa kuombewa, na muwaulize wao wanataka muwaombee nini. Watawajibu, na mtashangaa watakayowaambia. Habari za bati geji 28 na bei yake ziwe barua ya tatu au ya nne.

Anayehitaji kutafsiriwa hiyo barua, namba yangu mnayo. Hiyo kazi naifanya bure.