Wimbo wa Asili ni Upi? Mhadhara juu ya Kurudiwa kwa Nyimbo za Roki ya Kusini mwa Marekani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa muziki,

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikililalamikia jambo hili, na leo nitalilalamikia tena kwa sababu majibu ninayopewa bado hayajaniridhisha. Kila mashabiki wa roki ya Kusini mwa Marekani wanapokutana na kuanza kutajiana nyimbo za kurudiwa wanazozipenda, yaani nyimbo za msanii mmoja zilizorekodiwa upya na mwingine, huyu akimsifu Dolly Parton kwa "Free Bird", yule akiwasifu Metallica kwa "Tuesday's Gone", zote mbili za kundi la Lynyrd Skynyrd, hakosekani mtu wa kuukata mjadala kwa sentensi moja: "Ni mzuri, lakini haufikii wa asili." Wenzake hutikisa vichwa kukubali, na mazungumzo yakafa hapo hapo. Mimi naomba yaanzie hapo, kwa kumwuliza mtu huyo swali moja tu: wa asili ni upi?

Sitaeleza kwa kirefu Allman Brothers, kundi la roki la ndugu wawili Duane na Gregg Allman, walikuwa akina nani, kwa kuwa waliomo ukumbini humu wanawajua. Chukueni "Statesboro Blues", wimbo unaofungua albamu waliyoirekodi mbele ya hadhira katika ukumbi wa Fillmore East, New York, mwezi Machi 1971. Shabiki yeyote atakuambia kwamba ukitaka kujua roki ya Kusini ni nini, sikiliza gitaa la Duane Allman linavyolia mwanzoni mwa wimbo ule. Nami nakubali kwa moyo wote. Lakini wimbo ule si wao. Duane aliusikia katika albamu ya kwanza ya mwanamuziki Mmarekani aitwaye Taj Mahal, iliyotoka mwaka 1968, na gitaa la humo lilipigwa na Jesse Ed Davis, mtu wa makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, kutoka Oklahoma. Gregg, mdogo wake Duane, alisimulia kwamba kaka yake alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi akaumia kiwiko, na akamkasirikia yeye Gregg kana kwamba ndiye aliyemwangusha. Ilipofika siku ya kuzaliwa ya Duane, ambaye wakati huo alikuwa na mafua pia, Gregg alimwekea mlangoni santuri ile ya Taj Mahal pamoja na kichupa cha vidonge vya mafua, akabisha hodi, akaondoka zake. Duane alivimwaga vidonge, akaibandua karatasi ya kichupa, akakivaa kidoleni kama pete na kuanza kukitelezesha juu ya nyuzi za gitaa, akiutafuta mlio alioupiga Davis. Fikirini jambo hilo vizuri. Mlio tunaouita leo sauti yenyewe ya Kusini ulianza kwa mtu kukaa chumbani na kurudia kazi ya mwenzake, tena mwenzake asiyetoka Kusini ile tunayoitaja.

Wala Taj Mahal hakuutunga. Mwenye wimbo ni Blind Willie McTell, kipofu wa Georgia aliyelelewa katika mji huohuo wa Statesboro, aliyekuwa akipiga gitaa la nyuzi 12 kwa ufundi ambao mtu akiusikia mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Aliurekodi Atlanta mwezi Oktoba 1928, kwa kampuni ya Victor, akiwa peke yake na gitaa lake. Alifariki mwaka 1959, miaka kumi na miwili kabla ya usiku ule wa New York, kwa hiyo hakupata kusikia watu wakishangilia maneno aliyoyaimba.

Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, kampuni iliyotumia nembo ileile ya Victor, ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Nawatajia hilo kwa sababu sisi watu wa taarabu tunalijua jambo hili kuliko tunavyojidhania. Bi Kidude alipoimba "Kijiti", wimbo tuliourithi kwa Siti, nani kati yetu alisimama akasema haufikii wa asili? Tuliisikia sauti ya Kidude, nzito na yenye mikwaruzo, na tukajua kwamba Siti yumo ndani yake. Kwa nini basi uelewa huo tunauacha mlangoni tunapoingia katika muziki wa watu wengine?

Najua kuna atakayeniambia kwamba kuchukua wimbo wa mtu ni wizi, na kwamba McTell aliibiwa. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 iliweka utaratibu ulio wazi: wimbo ukisharekodiwa na kutolewa kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi upya bila kuomba ruhusa, mradi amlipe mwenye haki, na kiwango kilikuwa senti mbili kwa kila nakala hadi mwaka 1978. Kurudia, kwa hiyo, kulikuwa halali. Tatizo liko kwetu wasikilizaji, kwani sheria inaweza kudai senti mbili, ila haiwezi kumlazimisha shabiki kulitaja jina la McTell anapousifu wimbo wa McTell. Shabiki anayejua namba ya gitaa la Duane lakini hajui jina la mtunzi wa wimbo, huyo ndiye ninayegombana naye.

Kuna mwingine atakayesema kwamba mimi nazisifu nyimbo zote za kurudiwa sawasawa. Hapana. Mwaka 1988 kundi la Will to Power lilichukua mistari ya "Free Bird", likaiunganisha na wimbo wa Peter Frampton, na mchanganyiko huo ukafika namba moja Marekani, mahali ambapo Lynyrd Skynyrd wenyewe hawakuwahi kuufikisha. Mimi siupendi, na sababu yangu ni hii: "Free Bird" ni safari, unaanza polepole kama mtu anayeaga, kisha magitaa yanakimbia dakika nyingi bila neno hata moja, na ndege anaruka. Wao waliichukua ile aga, wakaiacha safari. Linganisheni na Shinedown, vijana wa Jacksonville, Florida, mji uleule wa Skynyrd, walioupunguza "Simple Man" wa Skynyrd hao hao hadi gitaa lisilotumia umeme na sauti ya mtu mmoja, nasi tukasikia kwa mara ya kwanza kwamba wimbo ule ni wosia wa mama kwa mwanawe. Haya mawili yote ni kurudia, na tofauti yake ni kama aliyerudia aliuelewa wimbo.

Muda unanikimbia, nami nilitaka kuzungumza kwa kirefu juu ya mwimbaji Wilson Pickett, aliyeurekodi "Hey Jude" wa Beatles huko Muscle Shoals, Alabama, mwaka 1968, kwa ushawishi wa huyu huyu Duane. Nitasema tu kwamba Jimmy Johnson, mpiga gitaa aliyekuwepo studioni, aliona kwamba gitaa la Duane mwishoni mwa wimbo ule ndilo lililoizaa roki ya Kusini. Ikiwa ni kweli, basi muziki huu ulizaliwa ndani ya wimbo wa kurudiwa, wa Waingereza, ulioimbwa na Mmarekani mweusi.

Nilitaka pia kuwaeleza juu ya "Whipping Post" wa Allman Brothers, ambao msikilizaji mmoja wa Helsinki aliuomba kwa kelele katika onyesho la mwanamuziki Frank Zappa mwaka 1974, Zappa akawa haujui, na miaka ikapita hadi alipompata Bobby Martin wa kuuimba, akautoa katika albamu yake ya mwaka 1984. Na "Midnight Rider", nao wa Allman Brothers, ambao Paul Davidson wa Jamaika aliugeuza rege, na Willie Nelson akauimba kama wimbo wa mchunga ng'ombe, bila mmoja kumharibia mwenzake. Hayo tutayarudia siku nyingine.

Naomba sasa mafundi mitambo wazime taa za mbele. Tutausikiliza "Statesboro Blues" mara tatu, bila mimi kuingilia kati. Tunaanza na McTell, kisha Taj Mahal, kisha Fillmore East.